Nyumba ya Rehani Ikipigwa Mnada: Bei ya Kutupa Si Lazima



Jumapili moja mama mmoja, mwenzetu wa miaka mingi katika kazi ya chai, alikuja nyumbani kwangu amebeba kopo la biskuti. Nilidhani ameleta zawadi kwa watoto. Akalifungua juu ya meza, na ndani yake zilikuwamo barua sita za benki. Tatu zilikuwa zimefunguliwa. Tatu hazijaguswa.

"Kaka," akaniambia, "nyumba imeuzwa. Na wanasema bado nadaiwa."

Habari ya mama huyu nitaieleza yote, pamoja na kosa langu mimi mwenyewe ndani yake, kwa sababu wengi wetu hapa Gisenyi, Nyundo, Rugerero na Nyamyumba tumeweka nyumba rehani au tumemwekea ndugu dhamana. Wa kiwanda cha bia, wa mashamba ya chai, mwendesha pikipiki, mama wa sokoni, sote tunapita mlango ule ule. Mshahara hautoshi kujenga, kwa hiyo tunakopa. Na tukikopa, kiwanja kinakuwa rehani kwa mkopeshaji. Tunajua vizuri namna ya kuomba mkopo. Lakini siku ya mnada hatujui lolote.

HABARI YA MAMA HUYU

Mama alikopa ili ajenge nyumba mbili ndogo za kupangisha nyuma ya nyumba yake. Mume wake alikuwa akivusha bidhaa kwenda Goma na kurudi, na faida ya huko pamoja na mshahara wa chai ndiyo iliyolipa mkopo kila mwezi. Walilipa vizuri. Nyumba za nyuma zikamalizika, wapangaji wakaingia.

Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Biashara ya mume ikasimama siku moja. Wapangaji wakaondoka. Kisha, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ukalipuka, na siku zilizofuata ardhi ikatetemeka mpaka kuta za mjini zikapasuka. Nyumba yake ilipata nyufa mbili, si kubwa. Malipo ya benki yalikuwa yamekwisha kuchelewa kwa miezi mingi.

Barua zikaanza kuja. Ya kwanza aliniletea kiwandani, nami, ndugu zangu, nilimjibu kama mjuzi: "Usiende kule. Ukienda watakusainisha jambo. Benki haina haraka ya kuuza." Nilisema hivyo kwa nia njema. Lakini sikuwa na elimu ya jambo lile, na nilisema kama mwenye elimu. Yeye akaniamini, akaziweka barua zilizofuata katika kopo.

Tangazo la mnada lilisema: nyumba moja ya vyumba vitatu, na nambari ya kiwanja. Basi. Nyumba mbili za nyuma hazikutajwa, wala haikutajwa kwamba kiwanja kinatazama barabara ya magari. Thamani iliyotumika ilikuwa ile iliyoandikwa siku ya kukopa, kabla nyumba za nyuma hazijajengwa. Yaani zile nyumba zilizojengwa kwa fedha ya benki yenyewe ndizo zilizosahauliwa na benki siku ya kuuza! Waliokuja kutoa bei walikuwa wachache. Nyumba ikaenda kwa bei isiyotosha hata kumaliza deni.

Hapo ndipo linapozuka swali la makala hii. Je, mkopeshaji anayeuza nyumba ya rehani anaweza kuiuza kwa bei yoyote apendayo? Au ana wajibu kwa yule mwenye nyumba?

REHANI SI KUUZA

Kwanza tusafishe jambo moja. Ukiweka nyumba rehani hujaiuza. Nyumba ni yako, na mkopeshaji ana haki juu yake kwa kiasi cha deni lake tu: deni, riba na gharama za halali. Kinachozidi ni mali yako. Ukikopa kwa jirani franka 1,000 na kumwachia baiskeli, hawezi kuiuza baiskeli kwa 20,000 akazila zote.

Sasa tufanye hesabu, maana katika hesabu ndipo hatari ilipojificha. Tuseme nyumba ina thamani ya franka milioni 12. Deni ni milioni 5. Gharama za kuuza tuseme ni milioni 1.

Ikiuzwa kwa milioni 12, mkopeshaji anapata 5 zake, gharama inatoka 1, na mwenye nyumba anarudishiwa 6. Kwa hizo 6 anaweza kununua kiwanja kingine na kuanza upya.

Ikiuzwa kwa milioni 6, mkopeshaji anapata 5 zile zile, gharama 1, na mwenye nyumba anaondoka mikono mitupu.

Ikiuzwa kwa milioni 4, inatoka gharama 1, mkopeshaji anapata 3, na mwenye nyumba hana nyumba na bado anadaiwa 2. Kama kuna ndugu aliyemdhamini, hizo 2 zitamfuata ndugu.

Tazameni vizuri. Kati ya 12 na 6, mkopeshaji hapotezi hata faranga moja. Hasara yote ni ya mwenye nyumba. Kwa hiyo anayeshika nyundo ya mnada hana sababu yake mwenyewe ya kuhangaikia bei nzuri. Akipata kinachomlipa, amekwisha kupumzika. Na hata ikiuzwa kwa 4, bado anaweza kukudai kilichobaki. Ndiyo maana hauwezi kumwachia mambo haya kwa huruma yake tu. Lazima sheria imwambie: mali unayouza si yako peke yako, basi iuze kwa uangalifu.

SHAURI LA MATOFALI LA UINGEREZA

Jambo hili lilibishaniwa sana Uingereza, na hukumu yake ya mwaka 1971 imesomwa na mahakama nyingi duniani, pamoja na za jirani zetu Kenya, Uganda na Tanzania. Shauri hilo ni la kampuni ya matofali iliyoitwa Cuckmere Brick dhidi ya kampuni ya mikopo iliyoitwa Mutual Finance.

Kampuni ya matofali ilikuwa na kiwanja karibu na mji wa Maidstone. Ilikuwa na kibali cha kujenga nyumba 35 za kawaida. Tena ilikuwa na kibali kingine cha kujenga maghorofa yenye makao 100. Ikakopa kwa rehani ya kiwanja hicho, kisha ikashindwa kulipa. Mkopeshaji akatangaza mnada. Tangazo likataja kibali cha nyumba 35. Kile cha makao 100 halikukitaja kabisa.

Wenye kiwanja waliona kosa, wakasema, wakaomba mnada uahirishwe ili watu watangaziwe vizuri. Wakakataliwa. Kiwanja kikauzwa kwa pauni 44,000. Wakaenda mahakamani, na jaji aliyesikiliza ushahidi aliona kuwa kiwanja kilistahili pauni 65,000. Mahakama ya Rufani nayo ikathibitisha kwamba mkopeshaji ana kosa. Anapouza, ilisema, ana wajibu wa kuchukua uangalifu wa kutosha ili apate thamani ya kweli ya soko ya siku ile.

Mkopeshaji alijitetea kwamba tangazo liliandikwa na madalali, si yeye. Haikumsaidia. Anayemtuma dalali hujibu kwa makosa ya dalali.

Niliposomewa habari ya shauri hili nilishika kichwa. Kibali cha makao 100 kilichosahauliwa kule Maidstone, na nyumba mbili za mama zilizosahauliwa huku kwetu: tofauti ni ukubwa tu, kosa ni lile lile.

JIRANI ZETU WAMEANDIKA NINI

Zamani mambo hayakuwa mepesi Afrika Mashariki. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la National Bank of Commerce na kampuni ya Dar es Salaam Education and Office Stationery, ilisema kwamba mwenye rehani anapotumia haki yake ya kuuza, mahakama haiwezi kumwingilia ila kama kuna hila au njama kati yake na mnunuzi. Mlango ulikuwa mwembamba sana. Mfanyakazi wa kawaida atathibitishaje njama?

Baadaye Tanzania ikatunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kifungu cha 133 kinasema wazi kwamba mkopeshaji anayeuza ardhi ya rehani ana wajibu wa uangalifu kwa mwenye mali, kupata bei bora inayoweza kupatikana wakati ule. Tena kimeweka kipimo: nyumba ikiuzwa chini ya bei ya wastani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mkopeshaji atahesabiwa kuwa amevunja wajibu wake, mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kuwa hakuuvunja. Hapo mzigo umehama bega. Si wewe unayethibitisha njama. Ni yeye anayeeleza kwa nini nyumba ya milioni 12 imeuzwa kwa 8.

Kenya ikafuata kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kifungu cha 97 kinatumia kipimo hicho hicho cha asilimia 25, na kinamtaka mkopeshaji ahakikishe mthamini amepima mali kabla ya kuiuza. Kabla ya hapo mdaiwa hupewa notisi ya miezi mitatu ya kurekebisha malipo, kisha notisi ya siku 40 kwamba mali itauzwa.

Uganda ina Sheria ya Rehani ya mwaka 2009. Huko mdaiwa hupewa siku 45 za kazi kurekebisha, kisha notisi ya siku 21 za kazi kabla ya kuuza. Kanuni za mwaka 2012 zinataka mali ipimwe thamani yake katika muda usiozidi miezi sita kabla ya mnada. Lakini anayeomba mahakama isimamishe mnada huweza kutakiwa kuweka asilimia 30 ya thamani au ya deni. Mtu aliyekosa fedha ya rejesho ataitoa wapi hiyo 30? Basi tusidhani kwamba sheria nzuri inatosha. Haki huweza kuwapo kwenye karatasi, na mlango wake ukawa na kiingilio.

HAPA KWETU RWANDA

Hapa kwetu iko Sheria ya rehani ya mwaka 2009, iliyorekebishwa mwaka 2010. Kwa sheria hii mkopeshaji ambaye rehani yake imeandikishwa kwa Msajili Mkuu, katika ofisi ya RDB, na ambaye hakulipwa, anaweza kuomba kuisimamia mali, kuipangisha, kuiuza, au kuichukua iwe yake. Msajili Mkuu humteua mtu wa kuisimamia kazi hiyo ya kuuza. Haihitaji kwanza kesi ndefu kama watu wengi wanavyodhani. Ndiyo maana ule ushauri wangu, "benki haina haraka," ulikuwa ushauri mbaya. Njia ya kuuza ni fupi.

Mambo matatu ya hapa kwetu yafaa kila mfanyakazi ayajue.

La kwanza ni kupima thamani. Tangu mwaka 2010 kazi ya wathamini wa nyumba na ardhi ina sheria yake na chama chake cha taaluma. Mthamini si mtu yeyote mwenye kalamu na futi ya kupimia. Anatakiwa awe ameandikishwa, aje, aone, apime, atie sahihi. Thamani ya miaka mitano iliyopita si thamani ya leo. Na hapa Rubavu thamani hubadilika kuliko kwingine: tetemeko la 2021 lilipasua nyumba, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika ukabomoa nyumba na kuua watu. Nyumba iliyo bondeni inaweza kushuka thamani, na iliyo kilimani ikapanda, kwa usiku mmoja. Huwezi kuuza kwa karatasi ya zamani na kusema umefanya uangalifu.

La pili ni tangazo. Siku hizi matangazo ya cyamunara huwekwa kwenye mtandao wa serikali. Hilo limesaidia, kwa sababu mtu wa Kigali au wa Musanze anaweza kuona nyumba ya Gisenyi na kutoa bei, na si wale watu watatu tu waliozoea kusimama mlangoni pa kila mnada. Lakini mtandao unaonyesha kile kilichoandikwa. Kama imeandikwa nyumba moja na kiwanjani ziko tatu, mtu wa Kigali atatoa bei ya nyumba moja.

La tatu ni hati. Ardhi yetu karibu yote iliandikishwa katika kazi kubwa iliyokamilika mwaka 2013, na kila kiwanja kina nambari yake ya UPI. Waliomo kwenye hati wote, mume na mke, lazima wakubali ardhi iwekwe rehani. Basi akina mama, mkiitwa kutia sahihi, msitie kwa kumpendeza mtu. Ulizeni: deni kiasi gani, kwa muda gani, na tukishindwa nini kitatokea.

HAKI YA MKOPESHAJI NAYO TUISEME

Tukitaka kusikilizwa tuseme kweli yote. Deni ni deni. Fedha ya SACCO ya umurenge ni akiba ya wenzetu, wachuma chai na wakulima kama sisi. Asiyelipa anamnyima mwenzake mkopo. Kwa hiyo mkopeshaji ana haki ya kuuza, na wajibu wake una mpaka.

Hukumu ile ya 1971 ilisema pia kwamba mkopeshaji anaweza kuchagua wakati wa kuuza. Hatakiwi kungoja mwaka ujao eti bei za nyumba zitapanda. Na hukumu nyingine ya Uingereza, ya mwaka 2003, ilisema hatakiwi kuitengeneza au kuiongezea mali thamani kabla ya kuiuza. Nyufa zako hawezi kulazimishwa kuzipaka saruji.

Anachotakiwa ni hiki: akishaamua kuuza, auze kama mtu mwenye akili anavyouza mali yake mwenyewe. Apime thamani ya sasa. Atangaze kilichopo chote. Awape wanunuzi nafasi ya kuja kuona. Asimfiche mtu bei wala asimpendelee mtu. Hilo si ombi kubwa. Mama anayeuza ng'ombe wake mnadani humwosha, humlisha, na husema ana mimba ya miezi mitano. Hasemi tu, "Huyu ni ng'ombe."

ANAYEJIUZIA MWENYEWE

Lipo jambo jingine la kuchunga: nani amenunua? Huko Hong Kong mkopeshaji mmoja alipiga mnada jengo la rehani mwaka 1966. Mtoa bei alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mke wa mkopeshaji, akinunua kwa niaba ya kampuni ya familia yao. Bei ya chini iliyowekwa aliijua kabla. Shauri likafika mpaka London, na mwaka 1983 Baraza la Mashauri la huko likasema kwamba sheria haikatazi moja kwa moja kampuni ya mkopeshaji kununua, lakini ni yeye anayepaswa kuonyesha kwamba alifanya kila jambo la haki ili bei bora ipatikane. Yule hakuweza kuonyesha.

Lakini sikilizeni mwisho wake. Mwenye jengo alikuwa amekawia miaka mingi kulifuatilia shauri lake. Kwa sababu hiyo hakurudishiwa jengo. Aliambiwa atafidiwa kwa fedha tu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na katika minada ya rehani huumiza zaidi ya tumbo.

LA KUFANYA

Ndugu zangu, haya ndiyo tuliyojifunza, nami nayaandika kwa utaratibu wa siku zake.

Siku ya kukopa: omba nakala ya mkataba na nakala ya karatasi ya mthamini, uziweke nyumbani. Ukijenga kitu kingine baadaye, hata choo cha kisasa au chumba cha kupangisha, mpelekee mkopeshaji barua kumjulisha, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Siku mshahara unapopungua: nenda mwenyewe kabla ya kuitwa. Omba muda mrefu zaidi wa kulipa, kwa barua. Mkopeshaji husikia vizuri zaidi mwezi wa kwanza kuliko mwezi wa nane.

Siku barua inapokuja: ifungue. Kama huijui lugha yake, mpe mtu anayeijua akusomee yote, pamoja na tarehe. Hakuna barua ya benki inayopotea kwa kuwekwa kopo.

Siku unapoona haiwezekani tena: omba ruhusa ya kutafuta mnunuzi wewe mwenyewe, kwa makubaliano na mkopeshaji. Mara nyingi nyumba iuzwayo kwa hiari hupata bei kuliko ile iliyotangazwa kwenye cyamunara, maana mnunuzi wa mnada huja akijua unanyang'anywa.

Siku tangazo linapotoka: lisome neno kwa neno. Nyumba zote zimetajwa? Ukubwa wa kiwanja ni sawa na wa hati? Barabara, maji, umeme? Mthamini alikuja lini? Ukiona kosa, andika siku hiyo hiyo kwa mkopeshaji, kwa aliyeteuliwa kusimamia mauzo, na kwa Msajili Mkuu. Piga picha. Wale wa kampuni ya matofali walisema kosa kabla ya mnada, si baada yake tu.

Siku baada ya kuuza: dai hesabu kwa maandishi. Imeuzwa kwa kiasi gani, deni lilikuwa kiasi gani, gharama kiasi gani, kimebaki nini. Kama bei ni ya kutupa, tafuta mthamini wako aandike thamani ya kweli, kisha nenda kwa mwanasheria. Asiye na fedha ya wakili aende ofisi ya MAJ, iliyoko katika kila akarere, ambako msaada wa sheria hutolewa bure.

Na wewe uliyemdhamini mwenzako: hayo yote ni yako pia. Bei ikiwa mbaya, tofauti inakuangukia wewe. Usikae kimya ukidhani ni mambo ya mwenye nyumba peke yake.

MWISHO WA HABARI

Narudi kwa mama wa kopo la biskuti. Alipokuja kwangu ilikuwa wiki kadhaa baada ya mnada, na mnunuzi alikuwa amekwisha kuandikishwa. Tulikwenda pamoja kwa mwanasheria. Alizisoma barua zote sita, hata zile tatu ambazo hazijafunguliwa. Ya tano ndiyo iliyokuwa na maelezo ya nyumba kama yatakavyotangazwa. Mwanasheria akaigeuza upande wetu, akaweka kidole juu ya maneno "nyumba moja".

"Mngeijibu hii," akasema, "tungekuwa na jambo la kusimamia."

Tuliandika hata hivyo. Tuliambatisha picha za nyumba za nyuma, risiti za mabati, na karatasi ya mthamini tuliyemlipa kwa kuchangishana kiwandani, kila mtu alichoweza. Tulimwuliza mkopeshaji swali moja tu: nyumba mbili ulizotukopesha fedha za kuzijenga, uliziuza kwa bei gani? Jibu lilikawia miezi. Lilipokuja, halikukiri kosa lolote. Lilisema tu kwamba kiasi kilichobaki cha deni kimefutwa.

Nyumba haikurudi. Mama sasa amepanga chumba kimoja si mbali na pale, na kila asubuhi akienda kazini hupita mbele ya mlango uliokuwa wake. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Siku hizi mtu akiniletea barua ya benki simpi ushauri wa kishujaa. Namwambia, "Kaa hapa, tuifungue pamoja," kisha tunatafuta tarehe.

Basi, ndugu mfanyakazi, ukimaliza kusoma ukurasa huu nenda ukatazame. Chini ya godoro, ndani ya Biblia, ndani ya kopo. Kama iko barua haijafunguliwa, ifungue leo.